Maonyesho ya Agosti yaliyomkosa jirani: kisa cha nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa

Katika nyumba moja ya mawe ndani ya Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu, kikundi cha wasanii na wapenda turathi kilifungua maonyesho ya miezi miwili, Julai na Agosti. Jina la kikundi na la nyumba nayaacha. Lililowapata huwapata wengi, na hakuna haja ya kumwanika mtu. Vyumba vya chini viliwekwa leso za zamani zilizoazimwa majumbani, mbao za milango, mikeka na mifano ya majahazi. Ghorofani zikatundikwa picha za rangi za vijana wa Mombasa na picha za kamera za mtaa huo huo. Ratiba ya shughuli nayo ilijaa: watoto wachore, fundi achonge, wasanii wazungumze na watu, kina mama wapakwe hina.

Kazi zilikuwa nzuri. Nalitanguliza hili kwa sababu maonyesho yakikosa watu, wa kwanza kushukiwa huwa ni msanii.

Wageni kutoka nje walifika, hasa asubuhi, wakiletwa na wale vijana wanaowatembeza watalii wakishatoka Fort Jesus. Wakenya wa bara walifika pia, familia kwa familia, wengi wao wakiwa wamekuja Pwani kwa mapumziko. Aliyekosekana ni jirani. Watu wa mitaa ya hapo hapo, Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, walipita nje wakienda sokoni na wakirudi, wakamwamkia bawabu, wakaendelea na safari zao. Wiki ya tatu kamati ikakaa, na kauli iliyotoka kikaoni ilikuwa ile ile inayosikika Pwani kila ukumbi unapobaki mtupu: wenyeji hawana habari na sanaa. Mmoja akataka matangazo ya redio yaongezwe. Mwingine akaona afadhali shughuli zifutwe, picha zibaki ukutani, maana watalii wanatosha.

Niliitwa niyatazame mambo hayo kabla hawajaamua. Rai niliyoitoa siku ile ndiyo ninayoieleza hapa: sanaa ilikuwa na watu wake, ila ratiba ilipangwa katika saa ambazo watu hao hawawezi kuja.

Hiyo shutuma kwanza

Tuanze na kauli kwamba wenyeji hawana habari na sanaa, maana ikiachwa bila jibu huharibu kila linalofuata. Nenda Biashara Street siku za kuelekea Idi au msimu wa harusi. Utamkuta mama amesimama mbele ya meza ya duka, doti kadhaa zimefunguliwa, anaupima upana wa pindo, anautazama mji, yaani sehemu ya katikati, kama rangi zimevuka mistari, halafu anasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa, na kuirudisha leso ile, kwa kuwa maneno yale akiyavaa mbele ya wifi yake pataharibika. Duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", linauza leso Mombasa tangu 1887. Kwa muda wote huo wateja wamekuwa wakihukumu rangi, mistari na maneno kwa ukali ambao wachambuzi wengi wa picha hawana. Kofia ni vivyo hivyo: mzee ataigeuza ndani nje, aangalie mishono, akuambie kama ni ya mkono au ya cherehani. Bibi harusi aliyepakwa piko vibaya atasikia habari yake mwaka mzima. Mji wenye macho ya namna hiyo hauambiwi kwamba sanaa hauijui.

Kuna upande mmoja ambao shutuma ina chembe ya kweli. Kukata tiketi ili uingie nyumba ya watu kutazama vitu vilivyotundikwa si desturi ya wengi hapa, na historia ina mkono wake katika hilo. Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 na ambayo sasa ndiyo makavazi makuu ya mji, ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wapo wazee ambao utotoni ngome ile waliijua kama mahali mtu anapopelekwa, si mahali anapokwenda. Hata baada ya UNESCO kuiingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011, wenyeji wengi huiingia mara moja tu, wakiwa na sare za shule. Lakini hilo halielezi kwa nini shughuli za bure, za uani, zisizo na tiketi, nazo zilikosa watoto wanaokaa nyumba ya tatu kutoka pale.

Daftari la bawabu

Jibu lilikuwa mlangoni muda wote. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na kitabu cha wageni, chenye jina, nchi na maoni, na maoni yote yanafanana. Bawabu, mtu wa makamo mwenyeji wa hapo hapo, alikuwa na daftari lake mwenyewe. Humo hakuandika maoni, aliandika saa. Kwa hiari yake alikuwa pia akiwaandika waliobisha wakakuta pamefungwa. Hao walikuwa wengi, na karibu wote walifika baada ya saa kumi na moja jioni. Nyumba ilikuwa ikifungwa saa kumi na moja.

Anayeijua Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi, lakini nitaeleza, kwa sababu kamati ilihitaji kuelezwa. Mchana Mji wa Kale umelala nusu. Baada ya swala ya alasiri ndipo mji unapotoka nje: kina baba barazani, kahawa chungu inapita na kashata, kina mama wanatembeleana, watoto wamevuliwa sare. Saa hizo huishia kwenye adhana ya magharibi. Tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti ya mwezi na mwezi haifiki saa nzima. Kwa hiyo kuna kipande kifupi cha siku, saa mbili na kitu, ambacho mwenyeji ana nafasi na ana hamu ya kutembea. Maonyesho yalikuwa yakikipa kipande hicho mgongo.

Shughuli zilikuwa na hali mbaya zaidi. Kuchora kwa watoto kuliwekwa Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wa mtaa ule wako chuoni wanasoma Kurani, na hakuna mzazi wa hapo asiyelijua hilo. Mazungumzo na wasanii yaliwekwa Ijumaa saa saba mchana, eti wafanyakazi wa maofisini wapitie wakati wa chakula. Ijumaa, saa saba, wakati wa swala ya Ijumaa! Aliyepanga ni mtu wa kuzaliwa Mombasa. Nilipomuuliza alicheka kwanza, kisha akakiri kwamba jedwali lile liliandikiwa wafadhili, ambao hupenda kuona kila siku ya wiki ina kitu. Hina nayo ilikuwa Jumatano mchana katika ukumbi wa mbele, wazi kwa wote, wapiga picha wakizunguka. Hakuna mke wa mtu atakayenyoosha mguu apakwe hina mbele ya wanaume asiowajua na kamera juu yake.

Msimu wa nani

Jedwali lile lilikuwa na asili yake. Makavazi ya miji ya Ulaya yana desturi ya maonyesho ya kiangazi. Royal Academy ya London imeyafanya kila mwaka bila kukosa tangu 1769, na mtu yeyote anaweza kupeleka kazi yake ikapimwa na wachaguzi. Huko desturi hiyo ina mantiki: Juni jua la London huzama baada ya saa tatu usiku, kuna joto la kutoka nje, na mtu akimaliza kazi bado ana mchana mrefu mbele yake. Jumamosi asubuhi ni saa ya familia. Ukiichukua ratiba hiyo nzima ukaileta Mji wa Kale, umechukua jua la London pia, nalo hutalipata.

Zamani msimu wa wageni Mombasa ulikuwa wa kaskazi. Majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba na Desemba, yakatia nanga Bandari ya Zamani, mabaharia wakakaa wiki na miezi, biashara ikafanyika, harusi zikafungwa, kisha kusi lilipoanza kuvuma, Aprili hivi, wakageuza matanga. Ukimwambia mzee wa Mombasa kwamba Julai ni msimu, atakuuliza msimu wa nini, maana Julai ni kusi kali, bahari imechafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo siku nyingi anashinda akishona nyavu.

Hata hivyo, mwezi niliutetea kikaoni. Wapo waliotaka maonyesho yahamishwe Desemba, nami nikapinga. Julai na Agosti ni likizo ya shule za Ulaya, hoteli za pwani hujaa. Agosti shule za Kenya hufungwa pia, na tangu treni ya SGR ianze 2017 familia nyingi za Nairobi hushuka kituo cha Miritini mchana na kesho yake wako Mji wa Kale. Pia ni miezi yenye ubaridi kuliko yote hapa. Mtu anaweza kupanda ngazi za ghorofani bila kulowa jasho. Mwezi haukuwa na kosa. Kilichohitajika ni kukubali kwamba nyumba moja ina wageni wa aina mbili wenye saa mbili tofauti: wa mbali asubuhi, wa karibu baada ya alasiri.

Kamati ilikubali kwa shingo upande. Nyumba ikawa inafunguliwa asubuhi hadi saa sita, ikafungwa, ikafunguliwa tena baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Jumla ya saa za mishahara haikuongezeka, na hilo ndilo lililomaliza ubishi.

Leso uani

Siku niipendayo katika kisa hiki ni alasiri ya leso. Hina ilitolewa ukumbi wa mbele ikapelekwa uani, Jumatatu, wanawake peke yao, simu zikaachwa kwenye kapu mlangoni. Tangazo halikuwa la redio. Shangazi wa mmoja wa wasanii alipita nyumba hadi nyumba. Walioalikwa waliombwa kila mmoja aje na leso moja ya zamani kutoka kashani kwake, iwe na kisa.

Kabla ya hapo palitokea ubishi wa kitaalamu ambao naona ulikuwa wa maana. Msimamizi wa leso zilizoazimwa hakutaka nguo za majumbani ziingie chumba cha maonyesho. Alikuwa na haki. Nguo iliyokaa kashani miaka inaweza kuwa na mayai ya nondo au wadudu wengine, na makavazi yenye uwezo huigandisha kwanza nguo ngeni katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri kwa wiki nzima au zaidi kabla ya kuichanganya na nyingine. Nyumba ile haikuwa na friza ya kazi hiyo. Tena leso za maonyesho zilikuwa zikilindwa na jua: kwa nguo na karatasi, makavazi hujaribu mwanga usizidi luksi 50, nao ni mwanga hafifu kiasi kwamba wageni hulalamika. Wakaafikiana hivi: za majumbani zisivuke kizingiti cha chumba, zitundikwe kamba ya uani kivulini, na zirudi na wenyewe jioni ile ile.

Walikuja wengi kuliko viti. Nilisimuliwa tu, maana sisi wanaume tulifukuzwa hadi barazani, lakini kicheko kilitufikia. Kila leso ilipotundikwa mwenyewe alisema nani aliinunua na kwa shughuli gani. Kisutu cha harusi, leso ya kuaga mama aliyekwenda Makka, leso ya kupigia fumbo. Hizi za mafumbo zilileta tatizo ambalo hakuna mwongozo wa makavazi unaolitaja: baadhi hazikuweza kutundikwa kabisa, kwa sababu aliyepigwa fumbo miaka ile naye alikuwa amekaa pale, au binti yake. Zikakunjwa zikarudi mkobani, na kila mtu akajifanya hajaona.

Baada ya hapo kina mama wakaingia ndani kutazama leso za maonyesho, na hapo ndipo walipoyakosoa maelezo ya ukutani. Maelezo yalisema leso ni kitambaa cha pamba chenye pembe nne kinachovaliwa na wanawake wa Afrika Mashariki. Kumwelezea mwanamke wa Kibokoni leso ni nini ni kupoteza ukuta. Walichotaka kujua ni yale wasiyoyajua: hii ilichapwa wapi? Kabla viwanda vya Afrika Mashariki havijaanza, leso zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na mstari mmoja tu ungetosha kulisema hilo. Hii yenye jina kwa herufi za Kiarabu ni ya lini, na kwa nini baadaye herufi za Kirumi zikachukua nafasi? Nani alichora ua hili? Maelezo yakaandikwa upya wiki iliyofuata. Leso moja ilibadilishiwa habari zake kabisa, kwa sababu bibi mmoja aliitambua, akataja duka, harusi na aliyeivaa.

Makaa ya jiko

Upande wa watoto, wahusika walikwenda kwa walimu wa madrasa badala ya kushindana nao. Walikubaliana watoto waje siku za wiki za likizo baada ya alasiri, wakiongozana na ustadhi mmoja. Hapo likatokea jambo jingine. Ratiba ya mwanzo ilikuwa ya kuchorana nyuso. Wazazi kadhaa, na ustadhi pia, hawakuridhika na kuchora viumbe vyenye roho. Katika kamati wapo waliotaka kushikilia msimamo, wakisema sanaa haiwekewi mipaka. Mimi naona huo ulikuwa ubishi wa bure. Mtoto anayekuja kuchora kwa mara ya kwanza maishani hana haja ya kuwa uwanja wa vita vya watu wazima, na tangu zamani mafundi wa mwambao huu wamefanya maajabu kwa maua, majani, mistari na maandishi, bila uso hata mmoja.

Badala ya nyuso zikaja meli. Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno: vyombo vya baharini, samaki, watu, majengo, imechorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakachora walichokiona na walichokikumbuka. Watoto wakasimuliwa habari hizo, wakapewa mbao zilizopakwa chokaa na makaa ya jiko, wakaambiwa wachore chombo wanachokijua. Zikatokea feri za Likoni zilizofurika watu hadi ukingoni, tuktuk zenye matanga, na meli za makasha kama zile zinazoonekana ukisimama Mama Ngina zikiingia Kilindini. Mtoto mmoja akasikia kwamba meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama 1697 chini ya ngome ile ile wakati Waomani wameizingira, na kwamba wazamiaji waliichimbua chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake vingine vimo makavazini. Basi akachora meli ya makasha inazama mahali pale pale, na wazamiaji wanatoka na friji.

Mbao zile zilitundikwa ghorofani, katikati ya picha za wasanii wakubwa, kimo cha macho ya mtoto. Nasisitiza kimo. Jioni iliyofuata watoto waliwaleta mama zao, wakawaleta na babu zao, na babu hapandi ngazi zile kwa ajili ya tangazo la redio.

Fundi na baraza

Fundi wa kuchonga alikuwa amewekwa chumba cha ndani, karibu na leso, vumbi la mbao likipeperuka juu ya nguo. Alihamishiwa daka la mbele, nusu ndani nusu njiani. Palihitaji pia kusawazishwa habari ya pesa: mwanzoni aliombwa aje bure, kwa kuwa angejulikana. Fundi anajulikana tayari. Siku asiyokwenda kazini ni siku asiyolipwa, na patasi zake zinakuwa butu kwa mgeni kama kwa tajiri. Alipopewa ujira wa siku sawa na wa kazi ya jengo, akaja kila alasiri, tena akaleta kipande cha mfaa wa mlango alichokuwa amepewa na mteja.

Athari yake ilikuwa ya papo hapo, ingawa si ile iliyotarajiwa. Kina baba walisimama. Wakauliza mbao ni mbambakofi au msaji, wakabishana ipi hustahimili chumvi ya bahari, wakamkosoa fundi, naye akajibu bila kuinua kichwa. Wachache wakaingia ndani. Wengi wakabaki barazani hadi magharibi.

Kikaoni likazuka swali: je, hao wa barazani ni wageni wa maonyesho? Mhasibu alisema hapana, maana hawakuandika jina. Mimi nasema ndio. Mtu aliyekaa nusu saa akichambua kina cha nakshi, akilinganisha na mlango wa kwao, ameitazama kazi kuliko yule aliyepita vyumba vyote na simu mbele ya uso. Kama taarifa ya wafadhili haina safu ya kumwandika, taarifa ndiyo yenye upungufu. Waliongeza safu. Sijui mfadhili aliipokeaje.

Kusi ukutani

Jambo jingine, la haraka. Nyumba za mawe ya matumbawe hupumua kupitia chokaa. Ukuta mmoja wa ghorofani ulikuwa umepakwa rangi ya plastiki miaka ya nyuma, na unyevu wa masika uliobaki ndani haukuwa na pa kutokea. Julai rangi ikaanza kuvimba na karatasi zilizotundikwa pale zikatoa madoa ya ukungu. Picha zilizokuwa kwenye kuta za chokaa hazikupata kitu. Walizisogeza, wakaweka vijiti nyuma ya fremu ili upepo upite kati ya picha na ukuta. Anayepanga maonyesho ya Julai katika nyumba ya kale aukague ukuta mwezi Mei, mvua inapokuwa kali, wala asingoje Juni.

Yaliyoshindikana

Si kila kitu kilikaa sawa. Mazungumzo na wasanii yalihamishwa hadi Jumapili baada ya alasiri, na bado yalikuwa makavu. Vijana waliochora walizungumza kama wanaosoma barua ya kuomba ufadhili, na wasikilizaji wakawa wapole kupita kiasi. Naona umbo lenyewe halifai pale: viti kwa safu, mtu mmoja mbele. Wachoraji hao hao wakikaa daka na fundi, maneno yalitoka.

Tiketi nayo haikupatiwa dawa. Walijaribu kuwaachia wakazi waingie bure jioni, ndipo wageni wa bara wakauliza kwa nini wao walipe, na swali lao lilikuwa la haki. Makavazi ya serikali yana viwango tofauti kwa raia, wakazi na wageni wa nje, lakini hayatofautishi mtu wa Kuze na mtu wa Nakuru. Mwisho waliweka kikapu cha hiari jioni kwa wote. Fedha zilipungua, na kikundi hakina mfuko wa kuziba pengo hilo mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ratiba iliyofaa Agosti hii huenda isifae Agosti nyingine. Kulingana na mwandamo, Maulidi ya 2026 yanaangukia karibu tarehe 25 Agosti, na ya 2027 karibu tarehe 14. Mfungo Sita wote, yaani mwezi wa Maulidi, mitaa ile huwa na maulidi ya zamu, msikiti kwa msikiti, nyumba kwa nyumba, hasa jioni na usiku, yaani saa zile zile ambazo maonyesho yalikuwa yamejifunza kuzitumia. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka nyumba ifungwe wiki ya Maulidi. Wapo wanaotaka kuanza mapema, katikati ya Juni, mvua ikiwa bado haijaisha vizuri. Na kina mama wa alasiri ya leso wametuma ujumbe kupitia kwa yule shangazi kwamba wao wako tayari kuja siku yoyote isiyo ya maulidi, alimradi simu zibaki kwenye kapu.